Kabla ya Upanga

Mwanangu ana miaka 14. Likizo iliyopita nilimkuta mbele ya kompyuta akicheza mchezo ambao mimi mwenyewe niliucheza nilipokuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, Warcraft III, uliotolewa na kampuni ya Blizzard mwaka 2002. Nilivuta kiti nikakaa karibu naye. Baada ya kitambo aliniuliza swali ambalo limenisumbua tangu siku hiyo: "Baba, kwani Arthas ana kosa gani? Si upanga ndio ulimchukua roho?"

Kwa msomaji asiyeufahamu mchezo huu, naomba nieleze kwa ufupi. Arthas ni mwana wa mfalme wa Lordaeron, kijana shujaa aliyeapa kuwalinda watu wake. Tauni inaingia nchini kupitia nafaka. Anayekula nafaka hiyo hufa, kisha huinuka akiwa mtumwa wa jeshi la wafu. Arthas anaifuatilia tauni hiyo mpaka kaskazini ya mbali, ambako anauchukua upanga wa laana uitwao Frostmourne. Upanga unaitwaa roho yake. Anarejea nyumbani, anapokewa kwa shangwe, naye anamuua baba yake akiwa juu ya kiti cha enzi.

Mabishano juu ya Arthas hayajaisha kwa zaidi ya miaka 20. Wapo wanaosema hana hatia, kwa kuwa baada ya kuushika upanga hakuwa tena yeye. Wanaongeza kwamba tangu mwanzo alikuwa amewindwa: pepo aitwaye Mal'Ganis alimchokoza makusudi ili amvute kaskazini, na nyuma ya upanga ilikuwapo nguvu iliyomngoja. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Sheria zetu nazo humtazama tofauti mtu aliyetenda jambo akiwa hana akili timamu.

Hata hivyo, nilimwomba mwanangu arudi nyuma, tuyatazame yaliyotokea kabla ya upanga.

Arthas anafika katika mji wa Stratholme na kukuta nafaka yenye tauni imekwisha kugawiwa. Anaamuru wakazi wote wauawe kabla hawajageuka. Uther, mwalimu wake, anakataa. Jaina, aliyempenda, anaondoka kwa majonzi. Nakiri kwamba juu ya amri yenyewe sina jibu rahisi. Tauni ile haikuwa na tiba iliyojulikana, na muda ulikuwa mfupi kweli. Mtu mwema angeweza kuufikia uamuzi huohuo huku akilia. Kinachonitia shaka ni namna alivyowatendea waliompinga. Hakumwambia Uther, "Nipe njia nyingine." Alimwita msaliti na kumvua madaraka.

Akiwa kaskazini, mjumbe wa mfalme anafika na amri kwamba askari warudi nyumbani. Askari wanafurahi. Arthas anawakodi mamluki wazichome moto merikebu zake mwenyewe, ili pasiwe na njia ya kurudi. Kisha anawageukia askari wake na kuwaambia kwamba mamluki hao ndio wahalifu, nao wanauawa. Rafiki yake Muradin anamlaumu waziwazi kwa uongo huo. Wanapoufikia upanga, Muradin anamwonya kwamba umelaaniwa. Arthas anajibu kwamba yuko tayari kubeba laana yoyote ili aiokoe nchi yake.

Zingatia mpangilio wa mambo. Merikebu zilichomwa na mtu mwenye roho yake kamili. Onyo lilisikiwa na masikio yasiyo na pepo ndani yake. Aristotle aliwahi kutaja kwamba kulikuwa na sheria zilizomwadhibu maradufu aliyekosa akiwa amelewa, kwa sababu alikuwa na uwezo wa kutokulewa. Mlevi hawezi kujitetea kwa pombe aliyojimiminia mwenyewe. Aliyemtegea Arthas mtego ana hatia yake kamili, lakini hatia hiyo haiipunguzi ya Arthas hata chembe.

Mwanangu alisikiliza, kisha akasema, "Lakini Baba, hata mimi nimewaua watu wa Stratholme. Mchezo haunipi nafasi ya kukataa." Ni kweli. Mchezaji ndiye anayebofya kipanya, nyumba zinabomolewa, wakazi wanatoka nje na kuuawa, na hakuna mahali pa kusema hapana. Nilimjibu kwamba mtu hawezi kulaumiwa kwa mlango ambao haukuwapo. Nilipolitamka neno hilo nilijikuta nimenyamaza, kwa kuwa nilikumbuka mlango uliokuwapo, nami nikaupita.

Miaka kadhaa iliyopita, katika chuo nilichokuwa nikifundisha, nilikuwa katibu wa kamati iliyoshughulikia udanganyifu katika mtihani. Wanafunzi 14 walituhumiwa kwamba majibu yao yalifanana. Kwa wachache kati yao ushahidi ulikuwa mzito. Kwa waliobaki tulikuwa na orodha ya majina tu. Mwalimu mmoja mkongwe aliomba kila mwanafunzi aitwe na asikilizwe peke yake. Aliambiwa kwamba muda hautoshi, matokeo yanatakiwa kesho yake asubuhi. Mjumbe mwingine akamalizia kwa methali: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Tulicheka. Mzee yule alikusanya karatasi zake, akatoka.

Wanafunzi wote 14 walisimamishwa masomo kwa mwaka mmoja. Nami, kwa mkono wangu, niliandika katika muhtasari kwamba baada ya majadiliano ya kina wajumbe wote walikubaliana. Hapakuwa na majadiliano ya kina, wala wote hatukukubaliana.

Wiki mbili baadaye binti mmoja katika wale 14 alikuja ofisini kwangu. Hakulia wala hakupandisha sauti. Alisema, "Shikamoo, Mwalimu. Mimi siku ile nilifanyia mtihani chumba kingine. Mngeniuliza tu." Nilimwambia kwamba kanuni ndizo zilizoamua, na kwamba ana haki ya kukata rufaa. Alikata. Rufaa yake ilikubaliwa, lakini ilipokubaliwa mwaka ulikuwa umekwisha kupita.

Kanuni ndizo zilizoamua. Huo ndio uliokuwa upanga wangu. Kwa muda mrefu nimejiliwaza kwamba mimi nilikuwa karani tu, kwamba mwenyekiti alishaamua, kwamba mfumo ndivyo ulivyo. Pengine hata mambo hayo yote ni kweli. Lakini palikuwapo saa moja kabla ya hapo, mzee alipoomba wanafunzi wasikilizwe, ambapo neno langu moja lingeweza kuongezeka juu ya lake. Saa hiyo hakuna kanuni iliyoushika ulimi wangu. Nilicheka pamoja na wengine.

Ndiyo maana sikubali tena kuusikia utetezi wa mfumo bila kuuliza maswali. Katika nchi zetu, kiongozi akishaharibu husema alifungwa na maagizo, na mtumishi aliyetekeleza husema alitumwa. Huenda siku ya kutenda kweli walikuwa wamefungwa. Swali la kuwauliza ni la siku za nyuma yake: nani aliwaonya, nao walimfanya nini aliyewaonya? Huwezi kumfukuza kila awezaye kukwambia hapana, kisha ukadai kwamba hukupata wa kukuzuia. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ila katika mambo ya madaraka, guu linalovunjika mara nyingi huwa la mtu mwingine.

Mwanangu hakuridhika sana na jibu langu. Bado anaamini kwamba mtu asiye na roho hawezi kuhukumiwa, nami sikumlazimisha. Nilimweleza habari ya yule binti, na ya muhtasari niliouandika. Hakuwa amewahi kunisikia nikisimulia jambo la namna hiyo juu yangu mwenyewe. Alifikiri kidogo, akaniuliza kama niliwahi kumwomba radhi.

Sikuwahi. Wiki hii nimeanza kumtafuta.