Programu ya bure, ufunguo kwa nani?

Nipo Zuzu, nje kidogo ya mji wa Dodoma. Huku ukanda wa kati, "kamati ya maji" haihitaji maelezo. Fundi wa pampu ni mmoja, mweka hazina ni mwingine, na mkutano wa kijiji unawauliza wote wawili. Maji ni ya wote, lakini ufunguo una mwenyewe.

Wadau, programu huria nazo ziko hivyohivyo. Wengi tukizisikia tunaelewa "bure", tunaishia hapo.

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wataalamu kutoka Sweden na fedha za Sida, kilitoa Jambo OpenOffice. Mswahili akaweza kuandika barua na kupiga mahesabu kwenye kompyuta bila kupitia Kiingereza. Safi sana. Ila OpenOffice yenyewe ilikuwa chini ya kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani. Msimbo ulikuwa wazi kwa kila mtu, lakini jina na neno la mwisho vilikuwa vya kampuni.

Mwaka 2010 Oracle ikainunua Sun. Septemba mwaka huohuo wachangiaji wengi wakajitoa na kuanzisha LibreOffice, chini ya The Document Foundation. Leseni iliwaruhusu kubeba msimbo. Jina wakaliacha.

Safari hii walitenganisha fundi na mweka hazina. Bodi ya watu saba, inayochaguliwa na wanachama, inasimamia fedha na jina. Mambo ya msimbo yana kamati yake ya ufundi. Tena kampuni moja hairuhusiwi kushika zaidi ya theluthi ya viti vya bodi. Uanachama haununuliwi, unapatikana kwa kazi: kuandika msimbo, kutafsiri, kuandaa miongozo.

Kwa maana hiyo, mtafsiri wa Kiswahili ana kura sawa na mhandisi wa Ujerumani. Sisi tafsiri yetu tuliipata kama mradi, na mradi huisha mfadhili akifunga mkoba. Uanachama unaendelea maadamu unafanya kazi.

Kwa hiyo ofisini kwenu wakileta programu ya bure, usishangilie kwanza. Uliza nani anakubali mabadiliko, nani anashika fedha, nani anamiliki jina. Halafu uliza swali gumu zaidi: kwenye kikao hicho, Mswahili amekaa wapi?