Hesabu Pingili Kwanza

Nilikulia Limuru, baba akipasua mbao za msaiprasi. Nikasoma, nikapata cheti cha misitu, nikaajiriwa maabara ya wadudu. Uhondo ulianza 1990, vidukari vya msaiprasi vilipoingia Kenya baada ya kuonekana Malawi mwaka 1986, na nyua za watu zikaanza kukauka kutoka ndani kwenda nje.

Bosi wetu wa wakati huo (simtaji, bado tunaamkiana kanisani) alikuwa na neno moja: "Kidukari ni kidukari, leteni dawa." Mzee aliyenifunza kazi hakubishana naye. Aliniwekea mezani tawi la msonobari na la msaiprasi, kila moja na wadudu wake. "Kijana, niambie hawa wana undugu gani."

Wa msonobari alijifunika nta nyeupe kama pamba. Huyo ni Pineus, tuliyekuwa naye tangu miaka ya 1960. Ukimfunua kwa sindano unakuta mayai ubavuni, kwani yeye hazai watoto hai. Nilimchemsha kwenye potashi mpaka akabaki ganda linalopitisha mwanga, nikamlaza chini ya hadubini: papasi fupi za kichwani zenye pingili 3, mgongoni hana vibomba. Wa msaiprasi, Cinara, ni mkubwa, wa kahawia, ana pingili 6, na vibomba vyake vimekaa juu ya vilima vyeusi vyenye nywele.

Bosi aliuita huo mchezo wa wazee. Haya, nyigu Pauesia walioachiliwa Malawi mwaka 1994 kumdhibiti Cinara hutaga mayai ndani yake. Pineus hana nyigu anayejulikana kutaga ndani yake. Wanaomla ni kina nzi wadogo wa Leucopis. Ukikosea mdudu, umefuga nyigu bure. Mwaka 1999 Watson na wenzake walimtenga hata Cinara wetu kuwa spishi yake, wakamwita Cinara cupressivora, asili yake ikikisiwa kuanzia mashariki ya Ugiriki hadi karibu na Bahari ya Kaspi. Wapo wanaopinga. Mimi niko na Watson, maana adui wa mdudu hutafutwa kwao.

Siku hizi vijana hunitumia picha za simu: doa jeupe kwenye gome, "Mzee, huyu ni nani?" Nyinyi! Doa halina pingili. Chukueni jike aliyekomaa, mtieni kwenye spiriti, andikeni kwa penseli mti na mahali mlipomtoa, ndipo mje. Na mchukueni kwa brashi yenye maji, si kwa kibano. Papasi zikikatika, sina cha kuwasomea.