Mji Mgeni Kwangu, Mji wa Baba

Haraka haraka haina baraka, walinena wahenga. Methali hiyo niliikariri shuleni nikaisahau, hadi nilipokumbushwa maana yake mjini Mombasa, Desemba 2021.

Tulikuwa watano garini: mimi, mke wangu, watoto wetu wawili na baba yangu mzazi. Tulikuwa tumetoka Nakuru tukitaka kuzunguka Pwani, kutoka Mombasa hadi Kilifi, Watamu na Malindi. Mombasa ndiyo iliyokuwa kituo cha kwanza, nami sikuwa nimewahi kuikanyaga. Niliitengea asubuhi moja tu. Tungeona Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, tupige picha chini ya zile pembe za ndovu za Moi Avenue, kisha saa sita tuvuke Daraja la Nyali twende zetu.

Usiku baba aliniambia, "Kesho unipitishe Majengo."

"Tutapita tukirudi, Baba," nikamjibu. Hakusema neno.

Asubuhi tulitembea vichochoro vya Mji wa Kale, watoto wakishangazwa na milango ya nakshi. Tulikula mahamri kwa mbaazi, mimi nikitazama saa kila mara. Tulipoingia garini nilishika njia niliyodhani ni ya Nyali. Mke wangu akanisihi niulize. Nikakataa. Muda si muda tukajikuta kwenye foleni ya feri ya Likoni, kusini, ilhali Malindi iko kaskazini! Watoto walicheka hadi machozi yakawatoka.

Baba ndiye aliyeniokoa. "Geuza hapo mbele," alisema. "Sasa shika Barabara ya Digo. Ile pale ni Markiti." Alinielekeza kama mtu aliyeondoka jana. Kabla sijazaliwa alikuwa kuli katika bandari ya Kilindini, jambo ambalo nyumbani alilitaja kwa nadra sana. Sikushangaa tulipotokea Majengo.

Alishuka akatembea polepole, akihesabu nyumba kwa kidole. Mahali alipokuwa akipatafuta palikuwa na ghorofa. Akamwuliza mzee mmoja aliyekuwa akiuza kahawa.

"Ile nyumba ya makuti? Ilivunjwa zamani, mzee wangu. Kaa unywe kahawa."

Tuliketi sote kwenye benchi. Baba alishika kikombe kile kidogo kwa mikono miwili. "Hapa ndipo mimi na mama yako tulipoanzia maisha," alisema. "Chumba kimoja. Nilitaka tu kupaona tena."

Mama tulimzika mwaka wa 2018. Sikujua la kusema. Niliizima simu yangu, nikaagiza kahawa nyingine.

Tuliondoka saa kumi jioni. Malindi iko umbali wa kilomita 120 hivi, nayo haikuhama. Siku ya kurudi tulipita Mombasa usiku wa manane, watoto wamelala, wala hatukusimama. Kama si kupotea kule, ahadi yangu ya "tukirudi" ingekuwa uongo niliomwambia baba yangu.

Msomaji mpendwa, ukifunga safari na mzazi wako, usiuangalie mji mgeni kwa macho yako peke yako. Mwulize kwanza. Huenda wewe ndiwe mgeni, naye ni mwenyeji anayerejea.