Mipira ya Pikipiki Izeekapo

Zamani mtu wa Chiungutwa aliyetaka kwenda Masasi, au kupanda Newala, alikwenda kwa miguu, na mwenye bahati alikwenda kwa baisikeli. Siku hizi pikipiki ndizo zichukuazo karibu kila kitu: magunia ya korosho, madumu ya maji, maharusi, wagonjwa, hata sisi waalimu tuendapo mjini kwa kazi za shule. Chombo kibebacho roho za watu namna hii chastahili kuangaliwa vema. Walakini wengi wetu twatazama matairi na taa tu, na mpira mdogo uliojificha chini ya tangi hautazamwi mpaka utoboke.

Pikipiki nyingi za huku kwetu hupozwa kwa upepo. Oili yake huzunguka ndani ya injini yenyewe, wala hakuna mipira ya nje ya kuipitisha, kama ilivyo katika pikipiki kubwa zenye kipozeo cha oili. Basi mpira wa kuangaliwa kwanza ni ule utokao kwenye koki ya tangi kwenda kwenye kabureta, upitishao petroli. Na wa pili ni ule wa kupumulia wa injini. Oili hupata njia mahali pengine: penye sili, penye gasketi, na penye boliti ya chini ya kumwagia.

Huenda msomaji akauliza, mpira wazeekaje, nao si mnyama wala mti? Kwa kweli asili yake ni mti. Wazee wetu wa kusini waliujua mpira kabla ya kuiona pikipiki, maana walikuwa wakigema utomvu wa mitambaazi ya msituni na kuupeleka kuuzwa pwani, Lindi na Mikindani. Mpira mbichi hulegea kwa joto na kukakamaa kwa baridi. Mwaka 1839 Charles Goodyear wa Marekani aligundua kwamba ukichanganywa na salfa na kutiwa motoni, hupata nguvu na kurudi kama ulivyokuwa ukivutwa. Salfa hiyo ndiyo tuipulizayo mikorosho yetu ipatwapo na ubwiriunga. Tena katika miaka ya 1930 Wajerumani walitengeneza mpira wa namna nyingine usioharibiwa upesi na petroli wala oili, nao ndio ufaao kwa kazi hii.

Hata huo una siku zake. Joto la injini huupiga kutoka chini na jua kutoka juu, na petroli huondoa kidogo kidogo vile viungo viufanyavyo uwe laini. Mwisho hukauka, ukawa mgumu kama ukuni, na nyufa huanza kwenye ncha zake, hapo ubanwapo na klipu. Klipu nayo huchoka. Ile ya waya hupoteza nguvu yake ya kubana. Ile ya skrubu, fundi akiikaza kwa hasira, huukata mpira. Wengi husema klipu ndiyo mbaya, wakanunua mpya, na petroli ikaendelea kudondoka. Mpira uliokwisha kukakamaa haukumbatii tena bomba, hata ukibanwa na klipu ya namna gani.

Hapa twataka kusema waziwazi juu ya desturi moja ya njiani. Mpira ukivuja, kijana huchana kipande cha tyubu kuukuu, akazungusha na kufunga kwa waya, akaenda zake. Tyubu ilifanywa kuzuia upepo, haikufanywa kuzuia petroli. Ikilowa huvimba na kuwa telezi, na fundo lote likalegea. Likimfikisha mtu nyumbani, vema, lakini kesho yake alifungue. Na mpira wa plastiki wa kupitishia maji, ule uonekanao ndani, tusiudanganyikie kwa sababu ya urahisi wake, maana petroli huukausha upesi sana. Nenda dukani ukaulize mpira wa petroli, wenye upana wa tundu sawasawa na ule wa zamani. Kipande chake hakifiki bei ya jogoo.

Kuujaribu si kazi ya fundi. Injini ikiwa imepoa, funga koki, ukunje mpira kwa vidole viwili na kutazama ncha zake kwa tochi; usitazame kwa kibatari kamwe. Ukiona nyufa, au ukiona haukunjiki, ubadilishe wote. Uingize mpya mpaka upite lile tuta dogo la bomba, na klipu ikae nyuma ya tuta, isikae juu yake. Kisha hakikisha kwamba haugusi injini wala ekzosi.

Sasa twarudi kwenye oili. Miaka michache iliyopita dada yetu alishikwa na uchungu usiku, akapakiwa pikipiki kupelekwa Masasi. Pikipiki ile ilikuwa ikidondosha oili wiki nyingi, nasi tulipomwuliza mwenyewe alijibu kwa adabu, “Mwalimu, hilo ni jasho tu la injini.” Lakini injini hizi ndogo huchukua kama lita moja tu ya oili. Ikipungua nusu, si ulainishaji tu upunguao, maana oili hiyo husaidia pia kuchukua joto. Njiani injini ilikaza, haikuzunguka tena. Mtoto alizaliwa chini ya mkorosho kando ya barabara, kwa mwanga wa simu. Yu mzima, lakini mama yake alipoteza damu nyingi kabla ya kupatikana gari, akakaa hospitali siku nyingi.

Tangu siku ile sisi hutandika kipande cha boksi chini ya pikipiki kila jioni. Asubuhi boksi husema yote: doa jeusi la mafuta ni oili, na mahali lilipo huonyesha itokako, doa lililokauka lenye harufu kali ni petroli. Kisha twapima oili kwa kijiti chake, chombo kikiwa kimesimama wima. Na sili ikivuja tena mara tu baada ya kubadilishwa, tazama ule mpira wa kupumulia. Ukizibwa na vumbi letu la mchanga, au ukikunjika, pumzi ya injini hukosa njia na kuisukuma oili itoke penye udhaifu wo wote. Twajua watu walionunua sili mara mbili, na ubaya ulikuwa tope ndani ya mpira huo. Boliti ya chini nayo yataka kiasi: wekea washa mpya, kaza, acha. Chuma cha injini ni laini kuliko boliti, na nyuzi zake zikisagika gharama si ya jogoo tena, ni ya mbuzi.

Limebaki jambo la usiku. Kwa kuogopa wezi, wengi wetu huilaza pikipiki ndani ya nyumba, pengine chumba kile kile walalamo watoto. Mvuke wa petroli hutambaa chini sakafuni, hauonekani, na kibatari au jiko la mkaa huweza kuuwasha ungali mbali na tangi. Kwa hiyo koki ifungwe kabla ya kuiingiza mlangoni, na ikiwa harufu yasikika, chombo kilale uani kwa mnyororo, na mwenyewe alale karibu na dirisha.