Mbwa Akistaafu Mbio, Nani Amtunze?

Jumamosi iliyopita alitutembelea mama mmoja wa makamo hapa Manchester. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akaenda moja kwa moja uani, akatoa futi kama fundi seremala na kuanza kupima uzio. Alitingisha kila ubao, akainama kutazama kama kuna upenyo chini ya geti. Kisha maswali: nani anashinda nyumbani mchana? Jirani ana paka? Watoto wanaelewa kwamba mbwa aliyelala haguswi? Mama huyu halipwi hata senti, anajitolea. Alikuja kwa sababu tumeomba kumchukua mbwa wa mbio aliyestaafu, na hatupewi mpaka aridhike kwamba kwetu panafaa.

Nimefurahi kupita kiasi. Ughaibuni tumekaguliwa sana, kuanzia uwanja wa ndege mpaka kwa wenye nyumba za kupanga. Huu ndio ukaguzi wa kwanza niliouona ukifanywa kwa ajili ya asiyeweza kujisemea.

Na mji huu unadaiwa. Mbio za kisasa za mbwa aina ya greihaundi, wanaomfukuza sungura wa mashine, zilianza Uingereza hapahapa, katika uwanja wa Belle Vue, Julai 1926. Kwa kawaida hukimbia mbwa sita, kila mmoja na koti lake: namba moja jekundu, namba mbili la bluu, mpaka namba sita lenye milia myeusi na myeupe. Watu wakaweka dau, viwanja vikajaa. Mbwa aliyeitwa Mick the Miller, aliyeshinda Derby ya greihaundi ya England mwaka 1929 na 1930, alikaushwa, na yupo mpaka leo katika jumba la makumbusho la Tring. Lakini huyo ni mmoja. Mbwa hawa hukimbia zaidi ya kilomita 60 kwa saa, wengi huacha mbio kabla ya kutimiza miaka mitano, ilhali greihaundi anaweza kuishi miaka 12 na zaidi. Miaka yote hiyo iliyobaki, nani anailipia? Mwaka 2006 gazeti la Sunday Times lilifichua kwamba huko Seaham, kaskazini mashariki mwa England, mtu mmoja alikuwa akilipwa kuwaua mbwa wazima wa afya waliomaliza mbio, kisha anawafukia. Kwa hiyo nisieleweke vibaya: Wazungu hawakuzaliwa na huruma hii. Wamepigizana kelele kwa miaka mingi mpaka ikafika hapa.

Mbwa tuliyemwomba nimeshamwona katika kituo cha mbwa waliostaafu. Ndani ya masikio yote mawili ana herufi za chale za rangi ya kijani, alama ya mbwa aliyezaliwa Ireland, walikozaliwa wengi wanaokimbia Uingereza. Ngozi yake ni nyembamba, mwilini hana mafuta, kwa hiyo baridi ikianza lazima avalishwe koti. Shingo yake ni nene kuliko kichwa. Ukimfunga mkanda wa kawaida anachomoka. Amekulia kwenye mabanda na hajui nyumba ni nini. Alipofika kwenye vidato vitatu vya ofisi alisimama, miguu ikitetemeka. Kijana wa kituo akapiga magoti kwenye zege lenye maji, akamshika mguu wa mbele, akauweka kwenye kidato cha kwanza, akangoja atulie, kisha mguu wa pili. Mvua inanyesha, hana haraka.

Nilimpigia simu Mama, huko Morogoro, kumsimulia. Akasikiliza, akauliza, "Anabweka?" Nikamwambia aina hii ni wapole, hubweka kwa nadra. "Sasa mwanangu, wa kazi gani?"

Swali lake nalielewa, maana wote tumelelewa nalo. Kwetu mbwa ana kazi. Mchana bandani, usiku anafunguliwa, chakula chake ukoko wa ugali na vichwa vya dagaa, na getini kibao cha MBWA MKALI. Baba mdogo alikuwa na Simba, aliyelinda ghala lake tangu nikiwa shule ya msingi. Wezi wa mtaa mzima walimjua Simba. Macho yalipoingia ukungu, alipakiwa nyuma ya pikapu akaenda kuachwa mbali, asijue njia ya kurudi. Hakuna aliyeuliza, maana ndivyo ifanywavyo. Na mzee aliyelinda ghala lilelile pamoja na Simba, rungu mkononi, masika na kiangazi? Naye alipochoka alipewa blanketi na nauli ya basi.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaoniambia, "Watu hawajala, wewe unalilia mbwa!" Anayemtupa mlinzi wa miguu minne hashindwi kumtupa wa miguu miwili. Punda afe, mzigo wa bwana ufike: methali tunaitamka kama fahari, lakini punda hakuulizwa.

Huku nako bado hesabu haijakaa sawa. Shirika la Greyhound Trust limekuwa likiwatafutia mbwa hawa makazi tangu 1975. Mwaka 2020 bodi ya mbio ilianzisha dhamana ya pauni 400 kwa kila mbwa, nusu yake ikitolewa na mwenye mbwa, ili kumsaidia akistaafu. Pauni 400 kwa mnyama mwenye meno mabovu na mguu uliovunjika ni kidogo sana. Zilizobaki zinachangwa na watu kama yule mama mwenye futi, huku kampuni za kamari zikivuna. Februari 2025 serikali ya Wales ilitangaza kwamba itapiga marufuku mbio hizi. Naiunga mkono kabisa.

Msimamo wangu ni mmoja, huku na nyumbani: aliyekula jasho la mnyama ndiye wa kulipia uzee wake. Ndugu yangu unayetuma hela ya kujenga ukuta na kununua mbwa wa kulinda kiwanja, tuma na hela ya chanjo ya kichaa cha mbwa, na ya chakula siku atakapokuwa haoni tena. Na mlinzi wako umwekee akiba yake kuanzia mwezi huu.