Tulipowapeleka Watoto Kambini Handeni

Kila mwezi wa sita shule zinapofungwa, swali huwa ni lile lile katika nyumba zetu: watoto watakaa wapi, na watafanya nini? Wengine hupelekwa kwa bibi. Wengine hubaki nyumbani wakigombana tangu asubuhi hadi jioni. Juni 2023, sisi akina mama wa kanisa moja mjini Korogwe tuliamua kuwachukua watoto 58, wenye umri wa miaka 9 hadi 14, tukaenda nao kambini Handeni kwa siku saba. Sisi wauguzi wawili tulikabidhiwa sanduku la dawa na daftari la afya. Tumerudi na mengi ya kusimulia, pamoja na kosa moja ambalo tungependa akina mama wenzetu walijue, ili lisirudiwe mahali pengine.

Safari

Wasioijua Korogwe waelewe kwamba ni mji wa reli na mkonge. Reli ya kutoka Tanga ilifika hapa mwaka 1902, wakati wa utawala wa Wajerumani, na mashamba ya mkonge yakavuta watu kutoka kila upande. Ndiyo maana katika darasa moja la Shule ya Jumapili utamkuta Msambaa, Mzigua, Mbondei, Mpare, na mtoto ambaye babu yake alitoka mbali sana kuja kukata mkonge, asirudi tena kwao.

Tulikusanyika kanisani saa kumi na mbili asubuhi. Coaster mbili zilikuwa zikingoja, na akina mama walikuwa wakifunga magodoro, mikeka, masufuria na magunia ya unga. Hapo ndipo mama mmoja alipotuvuta pembeni. Mwanawe, ambaye hapa tutamwita Neema, alikuwa na miaka 11.

"Sista," alisema, "mtoto huyu nimemlea kama yai. Ana selimundu. Hajawahi kulala nje ya nyumbani isipokuwa wodini. Analia kila siku kwamba anataka kwenda na wenzake. Mtamweza?"

Tulimjibu haraka kuliko ilivyotupasa. Tulisema tutamweza.

Alitukabidhi kadi ya kliniki, vidonge vyake vya foliki asidi, dawa za maumivu, sweta mbili na blanketi zito. Akarudia maneno ambayo sisi wenyewe huwaambia wazazi: asipate baridi, asichoke kupita kiasi, na anywe maji mengi. Kisha akasimama mbali kidogo, mikono kifuani, hadi magari yalipoondoka.

Barabara ya kwenda Handeni huvuka Mto Pangani, na nyuma yako milima ya Usambara hubaki imesimama kama ukuta wa buluu. Ni kilometa 65, na sasa ni lami tupu. Wale kati yetu tuliopita huko zamani, tukimeza vumbi nyuma ya lori, tulimshukuru Mungu. Ukishapita Sindeni na Misima, nchi hubadilika. Kijani cha Korogwe hupungua, mashamba ya mahindi huachiana nafasi na vichaka, mbuzi huvuka barabara bila haraka, na kila baada ya mwendo mfupi unamwona mtu na baiskeli yenye madumu ya maji.

Handeni ni nchi ya watu wakarimu na maji ya shida. Tangu miaka ya 1970 sehemu kubwa ya maji ya bomba huko hutoka mbali, kwenye Mto Pangani upande wa Korogwe, kwa mradi unaojulikana kwa herufi HTM. Mitambo ikiharibika, wilaya nzima hushika madumu. Mwaka 2022 serikali ilitia saini mikataba ya mradi wa maji wa miji 28, na Handeni na Korogwe zimo. Lakini sisi tulipofika bomba la pale shuleni tulipofikia lilikuwa kavu, na maji yetu yalikuwa ya kununua, yakiwekwa katika simtanki moja la lita 1,000. Tuliwaambia watoto siku ile ile ya kwanza: maji ni mali, msichezee.

Kambi si jambo geni

Wazazi wengine walituuliza mambo haya ya kambi tumeyatoa wapi. Tuliwajibu kwamba hata katika Biblia, kitabu cha Mambo ya Walawi, Waisraeli waliagizwa kukaa katika vibanda siku saba kila mwaka, ili watoto wao wajue jinsi mababu walivyoishi safarini baada ya kutoka Misri. Wayahudi wanaishika sikukuu hiyo mpaka leo.

Na si hiyo tu. Huko Marekani, Juni yetu ya kipupwe ni mwanzo wa kiangazi chao, na watoto wengi wa Kiyahudi huenda kukaa kambini kwa wiki kadhaa. Moja ya kambi hizo, Surprise Lake, ilianzishwa mwaka 1902 kwa ajili ya wavulana maskini waliobanana katika vyumba vya jiji la New York, wapate kuvuta hewa safi. Nyingine, zinazoitwa Ramah, zilianza mwaka 1947 ili watoto waishi na lugha ya Kiebrania na sala zao mchana kutwa, siyo darasani tu. Mchana huogelea na kucheza mpira. Ijumaa jua likizama huoga, wengi wao huvaa nguo nyeupe, mishumaa huwashwa, mkate hubarikiwa, na kambi nzima huimba. Mtoto anayeishi mahali ambapo watu wa imani yake ni wachache hujiona, kwa wiki hizo, kwamba hayuko peke yake. Nasi tulitaka watoto wetu walipate hilo.

Maisha ya siku kwa siku

Kengele yetu ilikuwa rimu la gari lililotundikwa kwenye mwembe. Saa kumi na mbili asubuhi ilipigwa, watoto wakatoka madarasani walimolala, wakakunja vyandarua na kufagia uwanja. Baada ya sala ulikuja uji, kisha masomo ya Biblia kwa makundi. Saa nne kila kundi lilikwenda kwenye kazi yake: hawa kuokota kuni, hawa kuchambua maharage, hawa kumsaidia mzee wa kanisa kupalilia muhogo. Wavulana walijifunza kusonga ugali, na wa kwanza ulikuwa na mabonge tukaula hivyo hivyo. Mchana walipumzika. Jioni ilikuwa ya rede, mpira, kombolela na kuruka kamba, na usiku tulikaa kuuzunguka moto.

Usiku wa pili alikuja bibi mmoja wa Kizigua kutusimulia. Alieleza jinsi njaa kubwa ilivyoikumba Uzigua katika karne ya 19, watu wengi wakachukuliwa kwa majahazi hadi Somalia, wakawa watumwa. Lakini wajukuu zao walikitunza Kizigua. Vita vya Somalia vya miaka ya 1990 vilipowaleta Tanzania kama wakimbizi, wazee wa Handeni waliwasikia wageni wakisema lugha ya nyumbani. Watoto walisikiliza bila hata kukohoa. Neema alikuwa amejifunika blanketi lake zito, akiwa mbele kabisa.

Kosa letu

Tangu siku ya kwanza tulimpa Neema chupa yake ya lita moja na nusu. Tuliijaza asubuhi na mchana, mbele ya wenzake waliokuwa wakipanga foleni na kikombe kimoja kimoja. Jioni tuliikagua. Ilikuwa tupu, nasi tuliandika kwenye daftari: amekunywa. Tulijiona tunafanya kazi nzuri.

Usiku wa tatu, saa nane, mlezi wa wasichana alitugongea. Neema alikuwa amejikunja, ameshika miguu yake miwili, anauma kona ya blanketi ili asiwaamshe wenzake. Usiku ule ulikuwa wa baridi. Tulimfunika zaidi, tukampa maji ya vuguvugu na dawa yake ya maumivu, tukampima joto. Homa hakuwa nayo, lakini midomo yake ilikuwa imekauka na mkojo wake ulikuwa na rangi ya chai. Baada ya saa moja maumivu hayakuwa yamepungua. Jirani wa kanisa alitoa gari lake tukampeleka hospitali mjini, akawekewa dripu.

Kisha ikabaki kazi ngumu kuliko zote, kumpigia mama yake. Tulitazamana, kila mmoja akitumaini mwenzake ataishika simu. Mmoja wetu alisema tungoje kupambazuke. Mwingine akamjibu, "Angekuwa wako ungetaka kungojewa?" Tukapiga. Mama hakufoka. Aliuliza tu, "Anaongea?" Tukampa mtoto simu.

Asubuhi, mmoja wetu aliporudi kambini, msichana mdogo wa miaka 9 alimfuata hadi jikoni akilia. Alisema wenzake walimwita Neema "bosi wa maji". Walimwimbia. Basi Neema akawa anawagawia maji yake, hasa wale wadogo, ili wasimwimbie tena. Huyu aliyekuwa akilia naye alikunywa. Aliuliza kama yeye ndiye aliyemwua.

Tulimwambia Neema yuko hai na anakunywa uji. Lakini lile swali lilitukaa. Sisi wenye vyeti vya uuguzi tulikagua chupa, hatukukagua mdomo. Na tulimpa mtoto dawa kwa namna iliyomtenga na wenzake. Mtoto yeyote, akiambiwa achague kati ya maji na marafiki, atachagua marafiki.

Kengele ya maji

Mama Neema alifika na basi la kwanza. Alasiri maumivu yalikuwa yametulia, na kesho yake daktari alimruhusu mtoto. Tulimweleza mama kila kitu bila kuficha, tukaomba radhi. Tulitegemea angemchukua warudi Korogwe, na hatungemlaumu. Lakini Neema alishika ukingo wa kitanda akasema kambi haijaisha.

Mama alikaa kimya muda mrefu. Mwishowe alisema, "Nitabaki naye kambini. Siyo kwamba nawaamini. Nataka kuona." Akavaa kanga, akaingia jikoni, akawa mpishi wetu hadi siku ya mwisho.

Ni yeye aliyetuuliza kwa nini maji ya kunywa yapimwe kwa kikombe, wakati watoto wanafua soksi kila siku. Tukakaa chini kupiga hesabu. Watoto 58, kila mmoja vikombe sita vya robo lita kwa siku, ni lita 87. Hayafiki madumu matano ya lita 20! Tulikuwa tumeogopa kiu, kumbe maji yalikuwa yanaishia kwenye mabeseni.

Tangu siku hiyo rimu lilipigwa mara sita kwa ajili ya maji. Kila likilia, kambi nzima ilisimama, walezi pia, kila mtu na kikombe chake, tukanywa pamoja. Aliyetaka zaidi aliongeza bila kuulizwa. Wimbo wa "bosi wa maji" ulikufa wenyewe. Na kwa namna ya ajabu, watoto waliokuwa wakija kwetu kila mchana na maumivu ya kichwa walipungua. Tulidhani tunamsaidia mmoja, kumbe wengi walikuwa na kiu.

Kwa akina mama wenzetu

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu, hivyo katika kila kundi kubwa la watoto huenda yupo mmoja. Chembe zake za damu, badala ya kuwa mviringo, hujikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo, hasa mwili ukikosa maji au ukipata baridi. Mtoto huyu akipata homa, maumivu ya kifua, kuhema kwa shida, kupauka ghafla, au udhaifu wa upande mmoja wa mwili, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali.

Mzazi, usimfiche mwanao ugonjwa wake, wala usiwafiche walezi. Andika dawa zake, vipimo vyake na namba yako ya simu. Nawe mlezi, kabla hujasema "tutamweza", uliza maji yapo kiasi gani, hospitali iko umbali gani, na gari la usiku ni la nani. Na kile anachohitaji mtoto mmoja dhaifu, kama kinawezekana, kifanye kuwa desturi ya wote.

Siku ya saba tulivuka tena Mto Pangani kurudi nyumbani. Watoto walikuwa wamelaliana, sauti zimekauka kwa kuimba. Mama Neema alikaa kiti cha nyuma, na binti yake alikaa mbele na wenzake. Tulipofika Korogwe tulimwuliza kama mwakani atamruhusu tena.

"Nitamruhusu," alisema. "Lakini jikoni mnihesabu."

Tumeshamhesabu.