Soko Hufuata Njia

Msomaji, historia ya mji aghalabu huandikwa kwa vita na watawala. Mombasa nayo ina ngome yake, Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, na kila mgeni huonyeshwa. Lakini mji hula, huvaa na huoza mabinti zake kwa vitu vinavyonunuliwa sokoni. Basi nakuomba tufuate nyayo za mnunuzi, tuone zilipopita na zilipofika.

Zamani nyayo hizo zilielekea Bandari ya Kale, mashariki ya kisiwa. Kaskazi ilipovuma, majahazi yalishuka kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi yakiwa na tende, mazulia na masanduku. Kusi ilipoanza, yalirejea na boriti. Katika Ndia Kuu na vichochoro vyake, duka lilikuwa chini na makao yalikuwa juu. Muuzaji alikuwa jirani. Alijua mteja gani amefiwa na yupi ana harusi, na kwa ujuzi huo alikopesha au alikataa.

Kisha njia ikageuka. Mwaka 1896 reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa, na mwaka 1901 ikafika Kisumu. Meli kubwa zikatia nanga Kilindini, magharibi ya kisiwa, penye kina kirefu. Biashara ikatoka vichochoroni taratibu. Mwaka 1914 likajengwa Soko la Mackinnon, nje kidogo ya Mji wa Kale. Watu wakaliita Marikiti, na jina hilo likadumu. Salim Road, ambayo siku hizi ni Digo Road, ikawa njia kuu ya maduka.

Nyali, ng'ambo ya maji, ilikuwa nchi ya mashamba ya katani. Mwaka 1931 likafunguliwa daraja la kuelea, na mwaka 1980 likafuatia daraja la zege lililopo sasa. Magari yakavuka kwa wingi, nyumba zikaota penye mashamba, na nyuma ya nyumba yakaja maduka makubwa yenye viwanja vya magari.

Siyadharau maduka hayo. Bei iliyoandikwa ni moja kwa tajiri na maskini, na mtoto aliyetumwa sukari hapunjwi. Hata hivyo, yamejengwa kwa kumkusudia mwenye gari, bibi wa Mji wa Kale mwenye kikapu chake hana jirani huko wa kumwambia, "Nitalipa mwisho wa mwezi."

Wala ukubwa si kinga. Nakumatt ilianza kwa kuuza magodoro mjini Nakuru, ikakua hata ikawa na matawi zaidi ya 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, Nyali ikiwa mojawapo. Ikalemewa na madeni. Waliokuwa wakiileteva bidhaa wakakosa malipo, rafu zikabaki tupu, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ifilisiwe. Wahenga walikwisha kusema: mali bila daftari huisha bila habari.

Sasa rudi nami kisiwani, Biashara Street, uwatazame wauza kanga. Kampuni ya Kaderdina Hajee Essak, ambayo kanga zake hujulikana kwa chapa ya Mali ya Abdulla, ilianza mwaka 1887, kabla ya reli na kabla ya madaraja yote mawili. Mwanamke husoma kwanza jina la kanga, hupapasa kitambaa, kisha huuliza bei ya doti. Njia zimegeuka mara kadhaa, naye angali anakuja, kwa kuwa mama yake alinunua hapo wala hakudanganywa.

Kwa hiyo, msomaji, ukijaliwa kufungua duka, chagua mahali penye njia, maana njia ndiyo iletayo wateja. Lakini njia hujengwa na wengine, na wengine waweza kuigeuza. Lililo mkononi mwako ni kipimo chako, daftari lako, na neno lako kwa anayekuuzia na anayenunua kwako. Hayo yatunze tangu siku ya kwanza, maana siku njia itakapogeuka, ndiyo yatakayomfanya mteja akutafute.